Kengele za Hadbury Zinachechemea

Kwa Mhunzi,
Hadbury,
Uingereza.
24 Oktoba 1954

Dada yangu Enid,

Pokea salamu hizi kwa mikono miwili, maana ni nzito: za Mama, za Baba, za paka aliyebaki, na zangu mimi mdogo wako Clem, ambaye sasa nimekupita urefu, nimekupita sura, na kwa akili namkaribia shemeji Gordon, ingawa hapo safari haikuwa ndefu. Sisi huku tu wazima, tunakula na kugombana kama ulivyotuacha. Wasiwasi wetu ni kwenu huko Kanada, kama pua zenu bado ziko mahali pake kwa baridi hiyo unayoisimulia. Wapwa zangu hawajambo? Waambie mjomba wao ana mikono kama magogo, na wasiiamini ile picha ya mwaka juzi, nilikuwa ndio kwanza nimetoka kuugua surua.

Najua ulitegemea barua ya Mama. Mama akiandika utapata habari za mvua na za waliokufa. Mimi nimeona nikuandikie za waliobaki. Makosa ya maandishi usiyahesabu. Bibi Pym aliyahesabu mpaka akachoka, akaniruhusu niache shule kwa baraka zake zote.

Shule yenyewe nayo imetuacha. Imefungwa tangu Julai, na watoto waliobaki wanachukuliwa na basi kila asubuhi kwenda Orley, Orley hiyo hiyo, kukaa dawati moja na watu ambao babu zao waliiba bata wetu. Duka la mikate la akina Fenn limekufa pamoja na mzee Fenn, kwa hiyo ile harufu ya Jumamosi iliyokuwa ikikutoa kitandani bila kuitwa hutaipata tena. Mkate unakuja na gari, umeshakatwa vipande, na ukiutafuna ni kama unatafuna blanketi. Kwa Baba nako ni vivyo hivyo. Unakumbuka farasi walivyokuwa wakipanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye birika la mawe la kunyweshea, na wewe ukiwagawia maganda ya tufaha kwa upendeleo? Sasa wamebaki farasi watatu na mmoja ni kipofu. Baba anatengeneza mageti na kuunga majembe ya trekta, na kila trekta linalopita analitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka. (Shemeji asihesabu hilo.) Ila jambo moja jema: nyama haigawiwi tena kwa kadi za vita. Mama alipooka paja la nguruwe la kwanza aliliweka mezani akakaa kulitazama, akatukataza tusiliguse, kama vile ni mgeni amekuja kutoka mbali na anahitaji kupumzika.

Basi kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinakwenda, tulijishika kwenye kengele. Na habari yenyewe niliyokaa kuiandika ni hiyo: Baba na Agnes. Kwa mwezi mzima kijiji hiki hakikuwa na neno lingine kinywani, kama Baba ataendelea kumpiga Agnes au ataachishwa. Shemeji akisoma mstari huo, mweleze haraka kwamba Agnes ni kengele.

Mweleze pia vizuri, maana watu wa Kanada hawana vitu vya zamani. Mwambie Agnes ndiye mkubwa wa zile sita, anayelia mwisho, na sauti yake inaingia tumboni kabla ya kuingia sikioni. Kengele iliyokuwapo kabla yake ilipopasuka, zama za babu wa babu, Orley walikuja na mkokoteni kununua shaba yake kwa bei ya dharau. Wanawake wa Hadbury wakawarudisha na mkokoteni wao mtupu, wakachimba tanuri shambani, wakatupia humo sufuria zao na vinara vya mishumaa ili shaba iongezeke, ikatoka kengele mpya. Agnes aliyeiachia kengele jina alikuwa mjane mwenye sufuria moja tu. Akaitupa, na mpaka anakufa akawa anapikia kwa majirani, kila siku nyumba nyingine, akilalamikia chumvi. Kama ni kweli mimi sijui. Lakini Shamba la Masufuria lipo, na sisi akina Padgett na akina Tuffley tumekuwa tukiishika kamba ya Agnes na ile ya jirani yake tangu hapo. Majina yetu yako kwenye ubao wa mnara wa kanisa, babu juu ya mjukuu, mpaka nafasi ya kuandikia imekwisha.

Sasa kaa chini. Baba hasikii.

Mama hajakuambia kwa sababu Mama hajamwambia mtu yeyote. Niligundua mimi, kwa akili zangu, nikiwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nyuma ya mgongo wake pale kwenye fuawe nikamwita jina, kwa sauti ya kijana anayetafuta kofi. Akaendelea kuvuvia moto. Unamjua Baba, zamani ukinong'ona upuuzi jikoni, mkono wake ulikukuta bustanini. Nikajaribu jina baya zaidi, ambalo siliandiki hapa kwa heshima ya wapwa zangu. Kimya. Dada, niliogopa kuliko kama ningechapwa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Baba halikufa, limestaafu tu baada ya miaka thelathini ya nyundo. Nilianza kumchunguza, nikaona ujanja wake. Anacheka wenzake wakicheka. Kanisani anamwangalia Bi Olive Crouch mdomoni, akiufungua naye anafungua, kwa hiyo kila wimbo anaumaliza nyuma ya wote kwa unyenyekevu mkubwa. Na mnarani anapiga kwa macho. Hilo si jambo la ajabu. Mpiga kengele yeyote anaangalia kamba ya mwenzake inavyopanda na kushuka ili ajue zamu yake. Lakini wengine tunaangalia na kusikiliza. Baba anaangalia tu. Macho yanachelewa kidogo, basi Agnes anachelewa kidogo: tano zinateremka ngazi vizuri, ya sita inasita mlangoni kama mtu aliyebeba ndoo.

Mimi napiga kengele ya pili. Sikumwambia mtu. Nikaanza kuichelewesha kamba yangu, punje tu, ili pengo la Baba lisionekane sana. Nilikuwa najisifu peke yangu kitandani kwamba mnara mzima wa Hadbury, wenye umri wa miaka mia sita, unashikiliwa na mikono yangu hii miwili.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa zinalia, kwa kuchechemea, na sisi tuliona ndivyo kengele zinavyolia. Tukizisikia za Orley zikienda ta-ta-ta-ta kama cherehani, tulikuwa tunasema masikini, hazina pumzi.

Halafu akaja kasisi mpya. Bwana Lisle, mwembamba, mpole, katoka mjini na masikio ya mtu wa piano. Jumapili ya tatu alimuuliza Mama kwa adabu kabisa kama kuna mpiga kengele mwenye mguu mbovu. Mama akamjibu kwamba miguu ya wote ni mizima na ya wengine inavutia. Kasisi hakurudia swali, lakini mwezi wa tisa ilipotangazwa kwamba mashindano ya kengele ya mwaka huu yatafanyika kwetu, mara ya kwanza tangu kabla ya vita, vijiji vitatu vije kupiga kwenye mnara wetu wenyewe na sisi tuwe wa nne, akaona hawezi kunyamaza tena. Alilisema jambo hilo kwenye karamu ya mavuno, mbele ya watu wote, baada ya pai na kabla ya jibini.

Alianza kwa kumsifu Baba mpaka tukajua kuna shimo mbele. Akasema Bwana Padgett amemtumikia Agnes kwa uaminifu, na kwamba labda wakati umefika mikono michanga ijaribu. Akamwangalia Baba. Watu wote ukumbini wakainamia sahani zao. Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa kabisa, Kasisi," na akaomba haradali.

Kesho yake jioni baa ya Bi Olive ilijaa kama msiba. Swali lilikuwa moja: Baba amekubali kuachia kengele, je, anajua amekubali? Mapacha wa Bunyard, wanaopiga ya tatu na ya nne na ambao hujawahi kumsikia mmoja akisema bila mwenzake, walisema pengine sahani zilikuwa zinapiga kelele. Bi Olive, anayepiga ya kwanza na kutuongoza kwa macho yake ya kuuzia bia, akasema ndiyo, sahani za ukumbi ule zina kelele sana. Mzee Amos Tuffley wa kengele ya tano, rafiki wa Baba tangu wakiwa wanaiba mayai ya ndege, hakugusa habari ya sahani. Aliombwa aende akamwambie Baba, akasema ana fahali mkali zizini na angependelea kwenda kuzungumza na huyo.

Nikasema nitakwenda mimi. Usinisifu. Kwanza nilijua siri ambayo wao hawakuijua, au ndivyo nilivyodhani. Pili, mikono michanga aliyoitaja Kasisi ilikuwa hii. Nimemtaka Agnes tangu nikiwa nasimama kwenye sanduku kuifikia kamba. Huko nyumbani Mama aliniona navaa koti, akanishika kola akaniambia, "Ukifika simama kwenye mwanga, na usitafune maneno." Nikamtazama. Akaanza kumenya viazi kama hakusema kitu. Kumbe naye alijua.

Baba alikuwa anatengeneza komeo. Nikasimama kwenye mwanga, nikafungua kinywa kipana kama mlango wa banda la nyasi, nikaanza kuzunguka: Kasisi hivi, karamu vile. Akanikatisha.

"Niliuona mdomo wake," alisema. "Anaongea kama anatafuna kamba, lakini jina la Agnes nililiona."

Nikamuuliza kama basi alikubali huku akijua.

"Mtu akiombwa kitu mbele ya watu wanaokula, afanyeje? Apindue meza?" Akaligeuzageuza lile komeo. "Wewe unamtaka?"

Kinywa changu, dada, huwa kinafika kabla yangu. Nikasema ndiyo.

"Mchukue basi. Lakini Agnes havutwi. Anangojwa."

Kisha akarudi kwenye fuawe akaendelea kupiga chuma ambacho kilikuwa kimeshapoa. Nilikiona kimepoa. Yeye, mhunzi, hakukiona.

Nisikudanganye, huzuni yangu ilidumu mpaka kwenye geti. Kuanzia hapo nilitembea kijijini kama jogoo aliyenunuliwa kengele. Nafasi yangu kwenye ya pili alipewa Peggy Crouch, binti wa Bi Olive, ambaye alikuwa amejifunza tangu majira ya kuchipua tu. Ndiyo, yule uliyemfundisha kusuka nywele. Hazihitaji msaada tena, nywele wala yeye mwenyewe, na hayo yana barua yake.

Tukafanya mazoezi, lakini bila sauti. Mjane wa Fenn alikuwa amelala hoi katika ile nyumba iliyobanana na ukuta wa kanisa, na mila ya hapa unaijua: mtu akiwa hoi karibu na mnara, ndimi za kengele zinafungwa kwa kamba, mnapiga bubu. Kwa hiyo wiki zote mbili zilizobaki tulivuta na kuachia, kamba zikipanda na kushuka vizuri kama wachezaji wa ngoma, na juu kimya kabisa, kunguru hata hawakuruka. Kasisi alisimama mlangoni akasema hajawahi kuona kamba zikienda kwa mpangilio mzuri kama huo. Mimi nikakubaliana naye. Mjane naye, ili kutuudhi, akapona siku mbili kabla ya mashindano, zoezi la mwisho limeshapita, na kuomba bia.

Siku ya mashindano jua lilitoka kama limelipwa. Kijiji kilijaa. Sijaona watu wengi hivyo hapa tangu vita viishe. Baiskeli zimeegemea kila ukuta, keki kwenye meza ndefu kando ya makaburi, Bi Olive akiwauzia watu wa Orley chai ya moto sana. Waamuzi wawili walifungiwa kwenye banda la nyasi la akina Bunyard, madirisha yamezibwa kwa magunia, ili wasikie bila kujua ni kijiji gani kinapiga. Baba alikaa juu ya ukuta wa kanisa, amevaa suti, mikono juu ya magoti. Watu walimpita wakimwamkia kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Hilo nililiona, sikulifikiria.

Orley walipiga wa kwanza: cherehani. Wengine wawili wakafuata, si wabaya. Sisi tukatoka wa mwisho.

Nilimshika Agnes. Bi Olive akatutazama mmoja mmoja, akasema maneno ya kuanzia, akavuta. Peggy akaingia mahali pake, mapacha wakaingia, na mimi nikampiga Agnes mahali hasa alipotakiwa kulia, sawasawa kama saa, pigo la kwanza la kweli lililotoka kwake kwa miaka mingi. Akalia juu ya Mzee Amos. Kengele mbili kwa pamoja, kama sufuria na mfuniko wake zimeanguka ngazini. Mara ya pili tena. Mara ya tatu nikajaribu kuharakisha, Amos akazidi kuchelewa akitafuta pengo lililokuwa halipo, mapacha wakamsubiri Amos, Bi Olive akawasubiri mapacha, na mnara wote ukawa kama watu sita wanaopishana kwenye mlango mmoja, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia. Aliyepiga sawa mwanzo hadi mwisho ni Peggy, kwa sababu alikuwa mgeni na hakuna aliyekuwa amemzoesha vingine.

Nikawa nawatazama kwa hasira, nikidhani wananifanyia makusudi kwa sababu nimechukua kamba ya Baba. Lakini dada, uso wa Amos ulikuwa unatiririka machozi au jasho, sijui, na Bi Olive alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Hakuna makusudi yenye sura hiyo.

Tulipotoka nje, vijana wa Orley walikuwa wameshikilia matumbo kwa kicheko. Mwamuzi mmoja alitoka bandani na nyasi kichwani akasema kikundi cha mwisho hakuweza kukihesabia makosa, penseli ilimwishia ncha. Tukawa wa nne katika vijiji vinne.

Baba hakuhitaji masikio kujua. Alikuwa amesoma nyuso. Akashuka ukutani, akapita watu wote mpaka kwa Amos, akamuuliza amenifanyia nini mimi. Amos akajibu akiangalia chini.

"Zungumza na uso wangu," Baba akamwambia. "Viatu vyako vinasikia vya kutosha."

Amos akainua kichwa, akapaza sauti ili aeleweke. Kijiji kizima kikasikia, na vijiji vitatu vya jirani.

"Nimezoea kukusubiri, Seth. Wewe unachelewa. Miaka yote hii nakusubiri."

"Mimi?" alisema Baba. "Mimi ndiye ninayekusubiri wewe. Tangu bega."

"Bega gani?"

"Bega lako. Harusi ya Enid."

Amos akalishika bega lake la kulia kana kwamba anataka kuhakikisha lipo.

"Bega lilipona kabla ya Pasaka, Seth."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Hapo, dada, ndipo nilipoelewa, na ndipo ninapotaka nawe uelewe. Wiki ile ya harusi yako Amos aligongwa na ng'ombe ukutani, mkono ukawa haupandi. Daktari alimkataza kamba. Akasema binti ya Seth hatoki kanisani chini ya kengele tano wakati ziko sita, akapanda mnarani bega limefungwa kitambaa. Baba alikuleta mpaka madhabahuni, akakukabidhi kwa shemeji, kisha akapanda ngazi zote mbio akiwa na ua kwenye koti, akamshika Agnes. Akaona Amos anachelewa kwa maumivu. Alikuwa anasikia wakati huo, akijua sawasawa anachofanya: akamchelewesha Agnes, ili rafiki yake asionekane. Wewe ukatoka mlangoni, na Hadbury ikachechemea kwa mara ya kwanza.

Wiki zilizofuata akaendelea kumsubiri. Bega likapona, lakini Amos akamsikia Seth anachelewa, akadhani mhunzi ameanza kuchoka, akaona asimwaibishe, akachelewa naye. Baba akamwona anachelewa, akasema masikini, bado linamuuma. Masikio yakaondoka taratibu katikati ya hayo, na hakuna aliyejua ni lini. Mapacha wakasema, wote wawili mara moja, kwamba wao wamekuwa wakiwapisha hao wazee tangu waanze. Bi Olive akasema na yeye amekuwa akiwasubiri wote, kwa miguu yake hiyo yenye mishipa. Nikafungua kinywa niseme kwamba mimi pia, na kwamba mimi ndiye niliyeijua siri peke yangu. Nikawatazama wale watu waliokuwa wakimwamkia Baba kwa sauti ya juu, nikakifunga. Wote walijua, dada. Kijiji kizima kilijua, kila mtu peke yake.

Baba alisimama pale akitazama midomo yao mmoja mmoja. Halafu akaanza kucheka, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni muda mrefu sijamwona akicheka wa kwanza.

Kasisi alikuja nyumbani jioni ile na kofia mkononi, akasema labda masikio yake ndiyo yenye haraka. Mama akamkalisha akamkatia nyama. Nami nilimwambia Baba, kwenye mwanga na bila kutafuna, kwamba Jumapili amchukue Agnes wake. Akaniuliza kama nimeshindwa. Nikamwambia mimi sishindwi, ila Peggy hapendi kutenganishwa nami kwa kengele tatu, na kwa hiyo nahamia ya tatu na pacha mmoja apumzike. Akanipiga kofi dogo la shingoni. Mkono wake bado unafika.

Jumapili tukapanda. Siri haikuwapo tena, kila mtu alishajua hana mtu wa kumsubiri. Baba akasema tupige tu, kila mtu zamu yake, yeye atajitahidi awahi. Na kweli nilimwona anajitahidi. Bi Olive akavuta, zikateremka, na Agnes akasita mlangoni, na Amos akampa nafasi, na zote sita zikachechemea kutoka mnarani mpaka Shamba la Masufuria kama zilivyochechemea miaka minane. Naapa sikukusudia kumsubiri mtu. Mkono wangu wenyewe ulisubiri. Nilipochungulia dirishani niliona watu wamesimama njiani hawaingii kanisani, mjane wa Fenn ametolewa nje na kiti chake, wote wanasikiliza mpaka mwisho.

Nimeongea sana, na taa ya Mama inataka mafuta. Wasalimie wapwa zangu, wavute masikio kidogo kwa niaba yangu, wawe wanayatumia. Msalimie shemeji Gordon kwa dhati, ni mtu mzuri, sema tu usimwambie. Peggy anakusalimu. Mzee Amos anakusalimu na kusema bega halijambo. Mama anasema huku mvua imenyesha na mama yake Bunyard amefariki.

Ni mimi mdogo wako, fahari ya ukoo,
Clem Padgett

Nilikuwa nimeshafunga barua, Baba akanifungulisha. Anataka nikuulize jambo moja na ujibu upesi. Siku ile ulipotoka kanisani, uliisikia ile kengele ikisubiri? Mimi nimemwambia bibi harusi hasikii kitu, lakini ameketi hapa mbele yangu anaitazama kalamu kama anavyotazama mdomo. Kama ulisikia, andika. Kama hukusikia, andika kwamba ulisikia.